Kuzamia Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nije mwezi gani?

Anza na upepo, hoteli baadaye. Wengi hulipia chumba kwanza kisha wakashangaa kwamba boti haitoki.

Kaskazi huvuma Disemba hadi Machi. Kusi huanza Aprili na kushika hasa Juni hadi Agosti. Katikati ya pepo hizo bahari hutulia, na hicho ndicho kipindi mabaharia wanachokiita maleleji. Anayeweza kuchagua tarehe achague Oktoba na mwanzo wa Novemba, kabla vuli haijakolea. Februari na nusu ya kwanza ya Machi pia ni nzuri, na maji huwa ya moto, digrii 28 hadi 30. Aprili na Mei ni masika. Mvua huingiza tope pwani na hoteli kadhaa hufunga milango, kwa hiyo usije kwa ajili ya kuzamia miezi hiyo.

Upepo pia ndio unaokuchagulia pwani. Wakati wa kusi, upande wa mashariki wa Unguja (Paje, Bwejuu, Jambiani) hupigwa na mawimbi moja kwa moja, wakati Kendwa, kaskazini-magharibi, imejikinga. Kaskazi ikiwa kali, mambo hugeuka: kaskazini kunachafuka, na miamba ya mbele ya Mji Mkongwe inakuwa ahueni. Julai na Agosti maji hushuka hadi digrii 25 hivi. Suti ya milimita 3 inatosha wengi, lakini mtu mwembamba anayezamia mara mbili kwa siku aombe ya milimita 5.

Bamvua inanihusu nini mimi mgeni?

Inakuhusu kuliko utabiri wa mvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa yaweza kufika mita 4. Maji yote hayo hupita kwenye milango myembamba kati ya visiwa, kama ule wa Njao na wa Fundo huko Pemba, na mkondo wake humbeba mzamiaji kama gari. Kwenye milango hiyo huzamiwa maji yanapojaa, kwa sababu yanayoingia ni maji safi ya bahari kuu. Yakianza kutoka huja na tope la mikokoni, na utaona mkono wako tu.

Anayeanza achague siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu. Na asikasirike akiambiwa leo tunatoka saa 2 asubuhi na kesho karibu saa 3: maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, na pwani ya mashariki boti haielei yakiwa yamekupwa.

Unguja au Pemba?

Kama ni mara yako ya kwanza chini ya maji, Unguja. Miamba ya karibu na Mji Mkongwe, kama Bawe, Pange na Murogo, ni ya kina kifupi na safari yake ni fupi. Hapo pia umelala mzoga wa Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za telegrafu iliyozama mwaka 1902, kwenye kina cha mita 12 hivi. Maji ya huko hayaangazi kama ya kaskazini, ila kwa kujifunza hakuna ubaya.

Mnemba ndiko wengi wanakotaka, na ni kweli kunapendeza: kasa, makundi ya samaki, mara nyingine pomboo. Ubaya wake ni watu. Kufikia saa 4 asubuhi boti za waogeleaji wa miwani na mrija zimejipanga kama daladala stendi. Tafuta kituo kinachotoka mapema. Leven Bank, kaskazini ya Nungwi, ni kilima cha chini ya maji kinachoinuka kutoka kwenye kina kirefu. Mkondo wake si wa mwanafunzi.

Pemba ni habari nyingine. Mkondo wa bahari kati yake na bara una kina cha zaidi ya mita 800, na kuta za matumbawe upande wa magharibi huteremka mpaka macho yanaishiwa. Kisiwa cha Misali, Kigomasha na hiyo milango niliyoitaja ndiyo pahala penyewe. Unazamia huku mkondo ukikupeleka, boti ikifuata mapovu, kwa hiyo uwe tayari umeshajua kujiweka sawa bila kupanda wala kuzama. Mtu mwenye mizamio chini ya 20 atatumia pesa nyingi kujifunza huko kitu ambacho angejifunza Bawe kwa bei ndogo.

Chumbe je?

Chumbe ni kisiwa cha hifadhi; huruhusiwi kuzamia na mtungi. Unaogelea juu kwa miwani na mrija, pamoja na mwongozaji.

Sijui kuogelea. Naweza kuzamia?

Kwa mzamio wa majaribio, ndiyo, mradi maji hayakutishi. Mkufunzi anakushika, anakujazia na kukutolea hewa kwenye jaketi la kuelea, na hamshuki zaidi ya mita 12. Lakini jaribu kwanza kwenye bwawa au pwani yenye maji ya kifuani. Ukiona huwezi kuweka uso ndani ya maji na kupumua kwa mdomo kwa dakika 5 bila kuruka juu, sema. Kusema ukiwa pwani ni rahisi. Kusema ukiwa mita 8 ni kazi.

Kwa kozi kamili, hapana. Utatakiwa kuogelea mita 200 bila kupimwa muda na kuelea dakika 10 bila kushika kitu. Jifunze kuogelea nyumbani kwanza.

Kozi inachukua siku ngapi na inanipa nini?

Siku 3 au 4. Kuna masomo, ambayo unaweza kuyasoma kwenye simu kabla ya kusafiri, mazoezi ya bwawani, na mizamio 4 ya baharini. Ukimaliza cheti cha kwanza cha PADI (shirika la mafunzo ya kuzamia) unaruhusiwa kushuka hadi mita 18 pamoja na mwenzako. Cheti kinachofuata hukufikisha mita 30. Umri wa chini wa kozi ni miaka 10.

Maradhi gani yananizuia?

Utajaza fomu ya maswali ya afya. Ukijibu "ndiyo" kwa pumu, kifafa, moyo, mapafu au upasuaji wa karibuni, utahitaji sahihi ya daktari, na daktari huyo mtafute kwenu kabla ya safari. Mjamzito hazamii kabisa. Usiandike "hapana" ili kuokoa siku yako: mtu wa pumu anaweza kunaswa na hewa ndani ya pafu wakati wa kupanda, hewa hiyo ikatanuka na kulichana.

Mafua je? Ukiwa na mafua, pumzika. Dawa ya kuzibua pua hukushusha vizuri, kisha nguvu yake inaisha ukiwa chini, hewa inanaswa ndani ya sikio na kupanda kunakuwa maumivu matupu.

Masikio yananiuma nikizama hata mita 2. Nina kasoro?

Huenda huna. Unachelewa tu. Bana pua, funga mdomo, pulizia taratibu mpaka usikie "tik" ndani ya masikio. Anza ukiwa bado juu ya maji, kisha rudia kila nusu mita kwa mita 10 za kwanza, kabla hujasikia kuuma. Mita za mwanzo ndizo ngumu, maana ndiko shinikizo linakobadilika kwa kasi zaidi. Shuka miguu ikiwa chini na kichwa juu, ukishika kamba ya nanga kama ipo. Sikio likigoma, panda mita moja, jaribu tena. Usipulize kwa nguvu; ngoma ya sikio ikipasuka, likizo imekwisha.

Navaa hijabu, au nina misuko, au ndevu. Miwani itashika?

Itashika ukijua pa kuikaza. Mdomo wa mpira wa miwani unatakiwa kugusa ngozi tupu pande zote. Uzi mmoja wa kitambaa au msuko mmoja ukipita chini yake, maji yanaingia. Kwa hijabu, kofia ya kuogelea inayobana ndiyo suluhisho: ukingo wake uwe juu ya paji, miwani ikae chini ya ukingo, mkanda upite juu ya kofia. Mtandio wa kawaida haufai, unaelea na kuziba macho, na waweza kunasa kwenye valvu ya mtungi. Mwenye misuko aifunge nyuma, chini ya mkanda, isiwe utosini. Mwenye sharubu apake mafuta ya mgando kidogo juu ya mdomo wa juu.

Kujaribu miwani: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mkono. Isipoanguka, ni yako. Ikiwa mpya, sugua kioo kwa ndani kwa dawa ya meno mara mbili tatu kuondoa utando wa kiwandani, la sivyo itafanya ukungu hata uiteme mate kutwa nzima. Anayevaa miwani ya macho aulize mapema kama kituo kina ya kuzamia yenye lenzi.

Hewa ya mtungi hudumu muda gani?

Inategemea kina na utulivu wako. Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo): una lita 2,400 za hewa. Bar 50 za mwisho ni za akiba, haziguswi, kwa hiyo unabaki na lita 1,800. Mtu mtulivu hutumia lita 20 hivi kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 10 kila pumzi hula mara mbili, lita 40, na unapata dakika 45. Mita 18 ni lita 56, dakika 32. Mita 30 ni lita 80, dakika 22 tu. Anayepigapiga mikono na kufukuza kasa huzimaliza kwa nusu ya muda huo, na kundi zima linapanda kwa ajili yake.

Mwambie mwongozaji ukifika bar 100. Usingoje akuulize.

Nikague nini kabla ya kulipa?

Uliza oksijeni iko wapi kwenye boti, na uonyeshwe mtungi wenyewe. Uliza simu au redio, nani anabaki juu ya boti, mwongozaji mmoja anachukua watu wangapi. Wanne ni sawa. Wanane wageni na mwongozaji mmoja, ondoka. Uliza chemba ya shinikizo (chumba cha kutibia maradhi ya kuzamia) iliyo karibu na mnafikaje huko. Kituo kizuri hujibu bila kufikiri.

Uliza pia bei inajumuisha nini: vifaa, chakula, ada ya hifadhi. Mnemba na Misali zina ada, na ndiyo inayozua ugomvi jioni.

Na vifaa nivikagueje?

Fungua valvu ya mtungi mpaka mwisho. Pumua mara nne kwenye regyuleta (kifaa cha mdomoni cha kupumulia) huku ukiangalia saa ya hewa, inayoonyesha hewa iliyobaki. Mshale usitikisike. Ukishuka kila unapovuta na kurudi unapoacha, valvu haijafunguka vizuri: juu ya maji utapumua bila shida, na kwenye mita 15 hewa itakataa. Pumulia na ile regyuleta ya akiba, ya njano. Nusa hewa: ikinuka mafuta au moshi, kompresa (mashine ya kujazia mitungi) ina tatizo, usiitumie hewa hiyo. Jaza jaketi, liache dakika chache uone kama linanywea.

Uzito wa kukuzamisha (vipande vya risasi unavyovaa) unapimwa hivi: ukiwa umevaa kila kitu, jaketi likiwa tupu na pumzi ya kawaida kifuani, maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame. Kama mtungi umejaa, ongeza kilo 2, kwa sababu hewa utakayoitumia ina uzito wa kiasi hicho na mwisho wa mzamio utaanza kuelea. Waongozaji wengine huwabebesha wageni risasi nyingi ili washuke haraka. Hilo hukufanya uburute magoti kwenye matumbawe na kumaliza hewa.

Ishara za mikono ni zipi?

Moja ndiyo inayowaponza Waswahili wote: dole gumba juu. Mtaani ni "poa". Chini ya maji ni "tupande". Mwongozaji anakuuliza kama uko salama, unamjibu kwa dole gumba, naye anakupandisha, huku ukijiuliza umekosa nini. "Salama" ni kidole gumba na cha shahada vikigusana kama duara. Kiganja kilicholala kikitikiswa ni "kuna tatizo". Kisha onyesha penye tatizo.

Kanuni moja nisiyoruhusiwa kusahau?

Usizuie pumzi. Hewa iliyo kwenye mapafu kwenye mita 10 hujaa mara mbili ukifika juu. Panda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na simama mita 5 kwa dakika 3.

Kuna papa?

Wapo, na utakuwa na bahati ukimwona mmoja.

Nimefunga Ramadhani. Nizamie?

Tunashauri uache hadi Idi. Ukiwa umefunga, mwili hauna maji, na mwili mkavu hutoa vibaya naitrojeni, gesi ya hewa inayolimbikizana mwilini ukiwa chini. Hatari ya maradhi ya kuzamia inaongezeka. Halafu hakuna mzamiaji asiyemeza fundo la maji ya chumvi, na hukumu yake muulize shehe wako. Mgeni asiyefunga anaweza kuzamia kama kawaida, ila asile wala kunywa hadharani mjini na vijijini mchana. Chupa ya maji inywewe ndani ya boti.

Natapika kwenye boti.

Kunywa dawa saa moja kabla ya kutoka, si ukishaanza kuona kizunguzungu. Kula mkate mkavu, acha urojo kwa jioni. Kaa katikati ya boti, tazama upeo wa bahari, usiangalie simu. Ikikukuta chini ya maji, usitoe regyuleta: ishike mdomoni, tapikia humohumo, kisha bonyeza kitufe kuisafisha. Inapitisha.

Nisubiri muda gani kabla ya kupanda ndege?

Saa 12 kama umezamia mara moja tu. Saa 18 kama umezamia zaidi ya mara moja au siku kadhaa mfululizo. Wengi huchukua saa 24 ili wasihesabu. Ndege ndogo za Chake Chake zinahusika vilevile. Boti ya kwenda Dar haina tatizo, kwani bahari haipandi.

Wanachosahau watu wa bara ni milima. Ukizamia asubuhi, ukavuka Dar, ukapanda gari la usiku kwenda Arusha au Lushoto, umejipeleka mita 1,400 juu, na mwili hauelewi kwamba hukupanda ndege. Subiri muda uleule.

Nitajuaje kama nimepata maradhi ya kuzamia?

Maumivu ya bega au kiwiko yasiyo na sababu, ganzi, miguu kulegea, vipele vya madoadoa, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida. Kwa kawaida huanza ndani ya saa chache. Haya ndiyo yanayowalemaza wazamiaji wa majongoo bahari wanaoshuka na kupanda kutwa nzima. Pewa oksijeni safi mara moja, lala, kunywa maji kama una fahamu, na mpigie bima. Usirudi chini "kuyatibu", wala usikandwe kwa mafuta ukingoje asubuhi.

Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigharimii chemba. Soma kina kilichoandikwa, au kata ya wazamiaji kama ile ya DAN, shirika la usalama wa wazamiaji. Mgeni wa kutoka nje ya nchi hulipia pia bima ya lazima ya Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024. Hiyo haichukui nafasi ya bima ya kuzamia.

Naweza kushika viti vya pweza kwa picha?

Hapana, hata kama nahodha anakuokotea. Akitolewa majini anashindwa kupumua, na yule uliyempiga picha ndiye wa kumi kuinuliwa asubuhi hiyo. Matumbawe pia usiyaguse. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha na kuua mengi, na yanakua polepole. Kome kubwa, magamba ya kasa na matumbawe usinunue, yatakamatwa uwanja wa ndege.

Paje na Jambiani, maji yakipwa, utaona vigingi na kamba. Hayo ni mashamba ya mwani ya kina mama, pita pembeni. Ukitaka kumpiga picha mwenye shamba, mwombe kwanza.

Nimekanyaga mdudu mweusi wa miiba.

Ng'oa inayoonekana kwa kibanio, loweka mguu kwenye siki au maji ya moto. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Miiba iliyozama ndani iache, itayeyuka yenyewe. Ukichomwa na samaki wa sumu, yule anayefanana na jiwe au yule wa mapezi marefu yenye mistari, chovya kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, digrii 40 hadi 45, kwa dakika 30 hadi 90, maana joto huivunja sumu. Kisha hospitali. Asiyechomwa atie mkono kwanza: aliyechomwa hasikii joto vizuri na anaweza kuungua.

Nivaeje nikitoka pwani?

Funika mabega na magoti. Nguo ya kuogelea ni ya pwani. Mji Mkongwe, Wete na vijijini vaa kanga au shati.

Nibebe nini?

Mtanzania abebe kitambulisho, hukaguliwa bandarini. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano abebe cheti cha chanjo. Kama unaruka kwa ndege ndogo kwenda Pemba, mizigo ni kilo 15 mara nyingi, kwa hiyo lete miwani yako na kompyuta ya kuzamia (ya kupima kina na muda), mapezi na jaketi ukodi huko. Toa pesa taslimu ukiwa Unguja, Pemba mashine za kutolea ni chache. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku. Kwenye boti: maji lita 2, fulana ya mikono mirefu badala ya mafuta ya jua, kanga ya kujifutia, na koti jepesi la upepo, hata Februari. Baada ya mzamio wa pili, boti ikirudi kinyume cha upepo, ndilo utakalolitafuta kwanza.